Breki ni Juu ya Mwenye Pikipiki

Naomba kusema na ndugu wanachama wenye pikipiki nyumbani.

Wengi wetu tumekopa pesa katika chama cha akiba na mikopo, tukanunua pikipiki, tukampa kijana aendeshe bodaboda, naye hutuletea hesabu kila jioni. Jambo hilo si baya, maana mshahara peke yake hautoshi karo na chakula. Lakini huku kwetu Kangeta, katika Meru, nimeona neno ambalo hapana budi lisemwe. Sisi tunaopiga kelele mkutanoni juu ya mwajiri asiyetoa vifaa vya kazi, tukifika nyumbani tunakuwa waajiri wa namna ile ile. Kijana akisema breki imelegea, twamjibu, "Tengeneza kwa pesa yako. Mimi nataka hesabu yangu."

Wasiofika Kangeta wajue kwamba huko ni nchi ya milima ya Nyambene. Pikipiki huteremka toka mashambani na mafurushi ya miraa, na miraa haina subira: ikichakaa haina bei, na gari la Nairobi halimngoji mtu. Tena pesa zenyewe zimepitia taabu. Uingereza ilipiga miraa marufuku mwaka 2014, na Somalia ilizuia isiingie kwake toka mwaka 2020 hata mwaka 2022. Kijana mwenye haraka na mfuko mtupu hutafuta fundi wa bei ya chini, na fundi wa bei ya chini humfanyia kazi ya bei ya chini.

Breki za waya hazikuwa na shida kubwa. Waya ukilegea, unakaza nati, unakwenda zako. Lakini sasa ziko pikipiki zenye diski katika gurudumu la mbele, na hizo hufanya kazi kwa mafuta. Ukibana mkono wa breki, pistoni ndogo iliyo kwenye usukani husukuma mafuta, mafuta hupita katika mpira mpaka chini, na huko husukuma pedi zishike diski. Nguvu yote ya mkono wako husafiri ndani ya mafuta, kwa sababu mafuta hayabonyei. Hewa hubonyea. Likiingia povu kidogo tu, unabana mkono, hewa inabonyea, na gurudumu linaendelea kuzunguka.

Sisi watu wa reli tumezoea kinyume chake. Breki ya treni ni ya hewa, na hewa ikitoka katika bomba, breki hushika. Mpira ukipasuka kati ya mabehewa mawili, treni husimama yenyewe. Ndiyo akili ya Bwana George Westinghouse wa Marekani, ambaye breki yake ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1869, kisha akaigeuza iwe hivyo ili ajali yenyewe ifunge breki. Pikipiki haina rehema hiyo. Mpira wake ukipasuka mteremkoni, mafuta humwagika, na breki ya mbele imekwisha. Kwa hiyo mpira ule mwembamba wataka uangalifu kuliko hata huu wetu mnene.

Nimeona kwa macho yangu fundi wa kando ya njia akijazia breki kwa mafuta ya injini. Mafuta hayo huvimbisha raba za ndani, na baada ya siku chache breki hukwama au huvuja. Mwingine alikuwa na chupa ya mafuta ya breki yenyewe, lakini imekaa wazi rafuni muda mrefu. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Yale yaitwayo DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya kufika digrii 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji huweza kuchemka kwenye digrii 155. Katika mteremko mrefu, na mzigo nyuma, diski hupata moto, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa. Asubuhi breki ilikuwa nzuri. Chini ya mlima haipo.

Kazi ya haki ni hii. Mpira uliopasuka ngozi au kuvimba usifungwe kwa utepe, utupwe. Mpya upitishwe mahali ambapo usukani ukikatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, haunyooki kwa nguvu wala haugusi tairi. Kila bolti yake yenye tundu iwekewe wosha mbili mpya za shaba, moja kila upande, wala isikazwe kwa hasira, maana chuma kile ni laini. Kifuniko cha kikopo cha mafuta kimeandikwa aina inayotakiwa; nunua hiyo, katika chupa iliyofungwa.

Ndipo hewa itolewe, na hapa ndipo haraka huharibu. Vaa nipeli ya chini kijibomba cheupe, ncha yake izame katika chupa yenye mafuta kidogo. Mmoja abane mkono wa breki polepole mara kadhaa, kisha aushike. Mwenziwe afungue nipeli robo ya mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka, na mkono utakwenda mpaka kwenye usukani. Aifunge nipeli kwanza, ndipo mkono uachiliwe. Akiuachilia kabla, hewa inarudi, na mmefanya kazi ya bure. Rudieni hivyo, huku kikopo cha juu kisikauke hata mara moja, mpaka mapovu yakome na mkono uwe mgumu. Mafuta yakidondoka juu ya rangi, osha kwa maji upesi. Yakigusa pedi, pedi hizo hazifai tena. Mwisho ushike mkono kwa nguvu, utazame kila kiungo kama kinatoa jasho, kisha ujaribu polepole mahali tambarare, bila abiria.

Kazi hii yataka watu wawili na utulivu. Kijana anayekimbizwa na hesabu hana utulivu huo.

Kwetu reli, treni haiondoki kabla breki haijajaribiwa mpaka behewa la mwisho, na sijasikia dereva wa treni aliyeambiwa anunue mpira kwa mshahara wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze vyombo vya kazi viwe salama. Wako watakaosema kijana wa bodaboda si mwajiriwa, ni mshirika. Basi kama ni mshirika, mbona faida ya kwanza ni yako na hasara yote ni yake?

Naomba jambo hili liwekwe katika mkutano ujao wa tawi. Kila mwanachama mwenye pikipiki alipe mwenyewe mpira, mafuta na fundi, na siku ya kazi hiyo asidai hesabu. Na wanachama wa karakana, ambao spana zimo mikononi mwao kila siku, wakienda likizo wawaonyeshe vijana wa stendi za kwao namna ya kutoa hewa. Chupa moja na kijibomba vyatosha kwa stendi nzima.

Mfanya kazi wa Reli,
Kangeta.