Mgema wa Bungoma hasifiwi, hukamatwa

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika vijiji vya Bungoma na viunga vya Kitale, methali hiyo inahitaji kufanyiwa marekebisho, kwa kuwa mgema wa huko hajapata kusifiwa hata siku moja. Akisikia hodi usiku, hana hakika iwapo ni mteja mwenye kiu au ni askari wa chifu.

Wakati uo huo, jijini Nairobi, kutengeneza pombe kidogo kidogo kwa ustadi wa mkono kumegeuka kuwa fahari. Katika miongo miwili iliyopita kumezuka viwanda vidogo vya bia, kama vile Brew Bistro, Sierra, Bateleur na 254, vyenye wateja wanaopenda kusimuliwa habari za kinywaji chao: nafaka iliyotumika, kimea kilichotiwa na ladha inayobaki ulimini. Mteja huinusa bilauri kwanza, hufumba macho, kisha hutikisa kichwa kama mtu aliyepokea wahyi.

Mzee wa Kimilili akiyaona hayo atacheka hadi mrija umtoke mdomoni. Maarifa hayo yanayopigiwa debe mjini ndiyo aliyoyakuta kwa nyanya yake. Ili kupata busaa, unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Unga huo hukaangwa juu ya bati hadi uwe na rangi ya kahawia, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena uumuke. Baada ya hapo pombe huchujwa, na machicha hupewa nguruwe au kuku. Hakuna hatua inayoweza kuharakishwa, wala hakuna mashine inayomsaidia mpishi kujua kwamba wakati umefika. Hujua kwa pua na kwa sauti ya povu.

Hata mahindi yenyewe yana historia yake. Ni kutoka kituo cha utafiti cha Kitale ambako mbegu chotara ya H611 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1964, nayo Kampuni ya Mbegu ya Kenya, yenye makao yake katika mji huo, ikaisambaza. Trans Nzoia ikawa ghala la taifa. Wataalamu walikuwa na ugali akilini walipoizalisha mbegu hiyo, lakini mahindi hayana mazoea ya kuuliza yanapelekwa wapi. Sehemu yake iliishia sufuriani, na sehemu nyingine chunguni.

Kwa Wabukusu, busaa si kinywaji cha kupotezea wakati tu. Kila baada ya miaka miwili, ifikapo mwezi wa Agosti, wavulana wanapotahiriwa, pombe hiyo huwa sehemu ya sherehe. Siku chache kabla ya kisu, kijana mwenyewe humimina maji katika chungu kitakachowanywesha jamaa zake. Wazee hukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, huku litungu likipigwa. Katika duara hilo hutatuliwa kesi za mipaka ya mashamba, mahari iliyochelewa na ng'ombe walioingia shambani mwa jirani. Mahakama za serikali zina mrundiko wa kesi. Chungu nacho huisha kabla ya usiku, hivyo shauri sharti limalizike mapema.

Tatizo ni kwamba, kwa miaka mingi, sheria imetazama chungu hicho kwa jicho la shaka. Chang'aa, ile pombe kali ya kukenekwa ambayo wanywaji waliipa jina la machozi ya simba, ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Haikutoweka. Ilihamia nyuma ya nyumba, kando ya mito na katikati ya mashamba ya mahindi, na bei yake ikaongezwa gharama ya kumtuliza anayekuja kuikamata.

Miaka thelathini baadaye, mnamo Agosti 2010, Rais Mwai Kibaki alitia saini Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyobandikwa jina la sheria ya Mututho kutokana na aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, John Mututho. Sheria hiyo iliweka saa za kunywa: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Iliihalalisha chang'aa pia, kwa masharti kwamba itengenezwe kwa leseni na ifungwe katika chupa za kioo zenye onyo la afya.

Chupa ndiyo iliyoleta mambo. Mama mwenye sufuria mbili na mtungi mmoja atapata wapi mtambo wa kufunga chupa? Mlango ulifunguliwa, lakini kizingiti kikawekwa juu ya kimo cha waliokuwa wakibisha. Matokeo ni kwamba mwenye kiwanda aliingia, na mama pima akabaki nje akiendelea na shughuli yake gizani.

Magharibi mwa Kenya chupa ina sifa nyingine kabisa. Katika muziki wa omutibo, uliopata umaarufu kupitia gitaa la marehemu George Mukabi, chupa tupu ya soda ya Fanta iliyogongwa kwa chuma ilikuwa ndiyo ngoma. Muziki huo ulisikika kutoka Kakamega hadi mashamba ya Kitale bila mtu kudai kwanza kuona cheti cha chupa.

Hata hivyo, mwanamuziki naye ana kilio kinachofanana na cha mpika busaa. Mwaka 1968 kundi la Uingereza la The Tremeloes liliuimba upya wimbo "Helule Helule" wa Daudi Kabaka na kuufikisha katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana nchini humo. Sauti iliyochipuka kwetu ilipata heshima zaidi ilipovuka bahari na kurudi imevaa suti. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa msanii haki ya kulipwa muziki wake unapochezwa hadharani, lakini mivutano ya mara kwa mara kuhusu shirika linalostahili kukusanya fedha hizo imewaacha wengi wakisubiri. Basi katika baa moja huweza kukutana mafundi wawili wa kienyeji: mmoja kazi yake inachezwa bila yeye kulipwa, na mwingine kazi yake inanywewa huku yeye akilipishwa faini.

Serikali haijakosa kujua kwamba bei humwelekeza mnywaji. Mwaka 2004 kampuni ya EABL ilianzisha Senator Keg, bia ya mapipa iliyosamehewa ushuru ili mwananchi wa kipato kidogo aache pombe haramu. Msamaha huo ulipopunguzwa kwa nusu mwaka 2013, mauzo yaliporomoka, na mwaka 2015 ukaongezwa tena hadi asilimia 90. Kwa hakika, iwapo kiwanda kikubwa kinaweza kupewa nafuu kwa sababu ya afya ya maskini, si kosa kuuliza ni kwa nini nafuu kama hiyo isimfikie mama wa Chwele.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inatetea ulevi. Wasiwasi wao una msingi. Pombe imebomoa nyumba nyingi, na karo ya mtoto imeishia kaunta. Isitoshe, pombe yenye sumu imeua. Mnamo Novemba 2000, pombe iliyoitwa Kumi Kumi iliangamiza zaidi ya watu 100 jijini Nairobi; Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa; na Februari 2024 watu wasiopungua 17 walipoteza maisha Kirinyaga.

Lakini mikasa hiyo inafundisha jambo tofauti na linalodhaniwa. Muuaji anayetajwa mara kwa mara ni methanoli, kemikali ya viwandani inayochanganywa na pombe na wafanyabiashara wenye tamaa. Pombe ya Kirinyaga ilinunuliwa katika baa. Wimbi, mahindi na subira havikuhusika. Kuiweka busaa katika kapu moja na sumu hiyo ni kumwadhibu mpishi kwa kosa la mchuuzi wa kemikali.

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni jukumu la serikali za kaunti. Kwa hivyo kaunti za Bungoma na Trans Nzoia hazina haja ya kusubiri Nairobi ifikirie kwa niaba yao. Zinaweza kuweka leseni ya ada nafuu kwa vikundi vya wanawake, afisa wa afya akague maji na vyombo, na saa za kunywa zizingatiwe bila upendeleo. Anayekiuka afungiwe. Anayefuata kanuni aachwe apike mchana, mbele ya macho ya watu, ambako ni vigumu zaidi kuficha uchafu.

Biashara inayofanyika mchana hulipa ushuru, hukaguliwa na huona haya. Ile ya usiku hulipa hongo tu. Na mgema akishapata leseni yake, ndipo itakapofaa kuanza kuwa na wasiwasi kuhusu maji.