Otofokasi ilinirudishia saa kutoka Mbeya: izime ukipiga kitu kidogo

Wauzaji wenzangu, leo nabishana kidogo na ushauri tunaopeana kila siku hapa. "Sogea karibu, mteja aione bidhaa." Sawa, sogea. Ila hakuna anayekwambia kwamba ukishasogea karibu sana, ile otofokasi unayoiamini ndiyo inaanza kukuangusha. Mimi nimelijua hili kwenye kamera ya filamu ya mwaka 1985, na nimelilipia.

Nauza saa za mkononi za mtumba. Kamera niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga studio yake: Minolta 7000, pamoja na lenzi ya makro ya milimita 50. Wasioijua, hii ndiyo kamera iliyoifanya otofokasi iwe kitu cha kawaida kwenye kamera za kubadilisha lenzi, kwa sababu mota ya kusogeza fokasi waliiweka ndani ya kamera yenyewe. Na ile lenzi inapiga kitu kwa ukubwa wake halisi. Yaani milimita moja ya saa inakaa milimita moja kwenye filamu. Nikaona nimepata dili, simu zao zitanitambua.

Filamu ya kwanza nilipiga saa moja yenye mkwaruzo kwenye kioo, karibu na namba nne. Niliupiga makusudi kabisa, mteja auone. Nikabonyeza, kamera ikalia kuashiria fokasi imekamata, nikaridhika. Picha zikarudi studio, nikapost bila kuzikuza. Mteja wa Mbeya akanunua. Baada ya siku nne saa ikarudi kwa basi na ujumbe: "Kaka, ungesema tu kama ina mkwaruzo." Nikamrudishia hela yake na nauli ya mzigo ya kwenda na kurudi. Hela iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kuonekana mwizi kwa kitu nilichokuwa nakionesha.

Nilipoikuza ile picha nikaelewa. Fokasi ilikaa kwenye mistari ya ukingo wa chuma. Mkwaruzo ulikuwa juu yake kidogo tu, na umeyeyuka kabisa, haupo.

Sababu ni hii. Ukipiga kwa ukubwa halisi na lenzi imefunguka hadi f/2.8, sehemu inayotoka kali ni kama theluthi moja ya milimita. Theluthi moja! Kioo cha saa na uso wake chini haviwezi kuingia pamoja hapo. Na mimi nilikuwa nimeiacha kamera kwenye P, ijipangie yenyewe, na ndani ya chumba chenye mwanga mdogo yenyewe inafungua lenzi sana. Ukifunga hadi f/16 unapata karibu milimita mbili. Bado ni ndogo, lakini unaweza kuamua ikae wapi.

Halafu macho ya otofokasi ya kamera hii ni kipande kimoja tu katikati, kimelala, kinatafuta mistari iliyosimama. Kikikosa mistari hiyo, lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, zzzz, zzzz, mpaka unachoka. Na kikikuta mistari miwili haikuulizi unataka upi. Mkwaruzo mwembamba kwenye kioo kinachong'aa utashindwa tu na ukingo wa chuma. Sio kwamba kamera ni mbovu. Ilitengenezwa ikamate mtoto anayekimbia au bibi harusi anayeingia ukumbini, haijui kwamba wewe unauza mkwaruzo.

Sasa hivi nafanya hivi. Otofokasi nazima, kuna swichi pembeni ya lenzi. Naweka ukubwa ninaoutaka kwa kuzungusha lenzi, halafu siigusi tena. Nasogeza saa yenyewe, kidogo kidogo, juu ya kitabu, mpaka mkwaruzo unasimama wazi kwenye kioo cha kuchungulia. Kamera iko kwenye stendi, na napiga kwa taima ya sekunde 10 ili kidole changu kisiitikise. Kwa f/16 muda wa kupiga unakuwa mrefu, na ukiwa karibu hivi hata mtu akipita kwenye korido picha inatikisika.

Mwanga nao. Lenzi ya milimita 50 kwa ukubwa halisi inakaribia saa mpaka inajitilia kivuli yenyewe, kwa hiyo taa lazima itokee ubavuni. Na kioo kinaonesha sura ya kamera. Nimekata karatasi nyeusi, nikatoboa tundu la kupitisha lenzi, sura ikapotea. Haikunigharimu hata mia.

Kuna kazi nyingine ambayo hii kamera inaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia: kunakili karatasi. Saa ikiwa na kadi yake ya dhamana bei inapanda, lakini lazima mteja aisome. Kadi unailaza mezani, kamera inatazama chini. Taa mbili za aina moja, kushoto na kulia, kila moja kwa nyuzi 45, basi mng'ao unaisha. Kujua kama kamera imenyooka, weka kioo kidogo cha kujitazamia juu ya kadi na uchungulie: ukiiona lenzi yako katikati ya picha, umenyooka. Na karatasi nyeupe inaidanganya kamera, inadhani mwanga ni mwingi, kadi inatoka ya kijivu. Ongeza mwanga hatua moja na nusu mpaka mbili. Siku hizi majirani wananiletea picha za babu zao zilizochanika niwanakilie. Hiyo ni biashara ya pembeni, nitaiandikia siku nyingine.

Je, nawaambia mkanunue kamera ya filamu? Hapana. Kulipia filamu na kusafisha, halafu kusubiri ndiyo upost, kwa bidhaa za kila siku utafilisika. Ukiuza nguo au viatu simu inatosha kabisa. Lakini anayeuza vitu vidogo, hereni, pete, sarafu, saa, akikuta lenzi ya makro ya aina hii kwa bei ya kawaida aichukue hata kama kamera yenyewe imekufa. Sony walipoingia kwenye biashara ya kamera za Minolta mwaka 2006 waliendelea na mdomo uleule, kwa hiyo inaingia kwenye Sony za dijitali za mtumba za laini ile ya A. Ya kwangu ndiko ilikohamia, na bado nimezima otofokasi.

Mwenye simu tu: mweke mtu wako taa ubavuni, shikilia kidole kwenye skrini mpaka fokasi ijifunge, kisha sogeza bidhaa, usisogeze simu. Kabla ya kupost, ikuze picha mpaka uone kasoro uliyotaka kuionesha. Usipoiona, piga upya.

Yule wa Mbeya nilimtumia picha mpya ya saa ileile, mkwaruzo unaonekana kama barabara. Akacheka, akaomba nipunguze elfu tano, akaichukua tena. Kuna mdau wa Mwanza kaniuliza inboksi wapi huko bado wanasafisha filamu, anayejua amwandikie hapo chini.