Matairi Makubwa Si Dawa ya Barabara Mbovu

Kumezuka mtindo katika Bonde la Ufa la kati ambao haujajadiliwa ipasavyo. Pikapu kuukuu ya foo-wili, aghalabu Toyota Hilux au Isuzu KB iliyoanza kazi kabla ya mwaka 2000, hupelekwa gereji, ikainuliwa springi, madgadi zikakatwa, kisha ikavishwa matairi mapana na marefu kuliko yale iliyoundiwa. Magari ya namna hiyo yameenea Njoro, Molo, Elburgon na Mau Narok. Wenyewe si vijana wapenda fahari pekee. Wengi ni wakulima wa viazi na kabeji, na wachukuzi wa maziwa, watu ambao kila shilingi wanayoitia katika gari wanatarajia irudi.

Haifai kuwacheka watu hawa, kwa maana wana hoja. Mnamo Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, na yamkini msafiri wa Nairobi hadi Eldoret atafurahi. Lakini viazi havioti kando ya barabara kuu. Hutoka mashambani kwa njia za udongo ambazo wakati wa kiangazi ni vumbi tupu (jina Nakuru lenyewe, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, latokana na neno la Kimaasai lihusulo vumbi) na masika yakiingia hugeuka tope la kunata. Mkulima ambaye mzigo wake umelala njiani siku mbili, na madalali wakampunguzia bei kwa kuwa viazi vimelowa, hana subira ya kungoja greda ya serikali. Hununua tairi kubwa kama vile mwingine anunuavyo tangi la maji kwa kuwa mfereji umekauka.

Ninachopinga ni imani kwamba ukubwa wa tairi ni nguvu ya gari. Waswahili walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, methali isiyopendeza mezani lakini inayofaa sana katika duka la matairi.

Imani hiyo inachochewa na michezo ya magari. Tangu Safari Rally irejeshwe katika mashindano ya dunia mwaka 2021, na makao yake kuwa Naivasha, maelfu ya vijana wetu huyatazama magari yakipasua vumbi la Kedong na Soysambu. Wachache mno hujishughulisha kuyatazama magurudumu yenyewe. Magari hayo, ambayo ni miongoni mwa yenye kasi kuliko yote yanayokimbizwa juu ya udongo, hutumia rimu za inchi 15, na upana wa matairi yao ni kama milimita 205 tu. Yangepata faida kwa kuvaa makubwa zaidi, wahandisi wao wangekwisha kuyavisha. Wengine hutaja Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare. Kweli, huko matairi makubwa huonekana. Ila gari la huko hukwea majabali polepole, limeundwa upya kuanzia ekseli hadi breki, na halirudi nyumbani na magunia 20 ya viazi mgongoni.

Tatizo la kwanza ni la kusoma. Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi ni lugha kamili yenye sarufi yake, lakini wanunuzi wengi husoma neno moja tu, lile la mwisho: "sitini" au "sikstini", wakakosea hata hilo. Chukua tairi lililoandikwa 265/70R16. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, ambacho ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185 na nusu. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu, inchi 16, sawa na milimita 406. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu, utapata kimo cha milimita 777. Tairi la asili la Hilux nyingi za zamani, 205R16, lina kimo cha takriban milimita 735. Tofauti ni milimita 42.

Sasa msomaji ajiulize gari limeinuka kwa kiasi gani. Si milimita 42, la hasha, kwa kuwa nusu ya nyongeza hiyo imekwenda juu ya ekseli, wala si chini yake. Difu imepanda milimita 21, unene wa kidole gumba. Fedha zote zile, na ukataji wote ule wa mabati, vimenunua kidole gumba kimoja! Kuinua springi, kwa upande wake, huinua bodi tu. Difu hubaki pale pale ilipokuwa, na ndiyo inayokwama juu ya kigongo katikati ya njia.

Mimi ni mtu wa isimu, na kwangu jambo hili lafanana na upatanisho wa kisarufi. Ukiondoa "kiti" katika sentensi na kuweka "meza", huwezi kukiacha kivumishi, kionyeshi na kitenzi vilivyokuwa. Vyote huathirika. Gari nalo liliundwa kwa upatanisho: uwiano wa gia, nguvu ya breki, urefu wa shafti, hata dashibodi, vyote vilihesabiwa kwa tairi la kimo fulani. Mwenye gari hubadilisha nomino, akadhani sentensi nzima itajirekebisha.

Spidomita ndiyo ya kwanza kusema uongo. Kwa tairi la milimita 777, sindano ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 85. Kwa yale ya inchi 33, ambayo vijana huyapenda kuliko yote, kimo ni milimita 838, na gari linakwenda 91. Dereva anaapa mbele ya polisi kwamba hakuzidisha, na kwa macho yake hakuzidisha.

Breki ndilo jambo zito zaidi. Gurudumu likirefuka, wenzo ambao breki inashindana nao umerefuka pia. Kwa matairi ya inchi 33 mahali pa yale ya milimita 735, mguu ule ule juu ya kanyagio ile ile huzaa nguvu ya kusimamisha iliyopungua kwa takriban asilimia 12, na hapo hatujahesabu uzito wa tairi lenyewe ambao nao ni lazima uzuiwe usizunguke. Hali kadhalika gia. Tairi refu hufanya kila gia iwe ndefu zaidi, kwa hiyo gia ya pili sasa yafanya kazi kama iliyo baina ya ya pili na ya tatu. Dereva anayeteremka na mzigo kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa hutegemea injini imzuilie gari. Injini ile imenyang'anywa sehemu ya uwezo huo. Sitamsingizia mtu: ajali zilizolipa jina baya eneo hilo, kama ile ya basi na lori huko Migaa alfajiri ya Desemba 31, 2017 iliyoua zaidi ya watu 30, hazikuletwa na pikapu zilizovishwa matairi makubwa. Lakini mteremko ni ule ule, na breki dhaifu haiulizi ni gari la aina gani.

Kupanda nako ni mtihani. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Mau Narok ni zaidi ya mita 2,500. Injini kongwe ya dizeli isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kule juu imebaki na robo tatu ya kile ilichoandikiwa kitabuni. Wahandisi wa Japani hawakuihesabia Mau walipochagua gia. Injini iliyokwisha kupungukiwa na pumzi huongezewa gurudumu zito na gia ndefu. Matokeo yake ni klachi inayonuka, moshi mweusi, na dizeli inayokwisha kabla ya Jumamosi.

Dizeli yenyewe inatozwa ushuru wa kutengeneza barabara, ambao tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita, kutoka 18. Yaani mkulima aliyenunua tairi kubwa kwa sababu njia yake ni mbovu hunywesha gari mafuta zaidi, na kwa kila lita ya ziada huchangia zaidi mfuko wa barabara. Fedha za mfuko huo ndizo zilizosababisha mvutano baina ya magavana na wabunge kuhusu shilingi bilioni 10.5, na kesi ikafika mahakamani. Wakubwa walibishana ni nani atakayeshika kalamu ya kutia sahihi. Njia ya kutoka shambani ilibaki na mashimo yake, na mwenye pikapu akaenda kuuliza bei ya inchi 33. Mtindo huu wa matairi, kwa maoni yangu, ni malalamiko ya wananchi ambayo hakuna diwani wala mbunge aliyejishughulisha kuyasoma, na kodi ya pili ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

Je, mwenye pikapu kuukuu afanye nini hadi hapo greda itakapofika? Wazee wetu wa Land Rover walikuwa na jibu. Walivaa tairi la 7.50-16, ambalo upana wake ni kama inchi 7 na nusu tu, ilhali kimo chake hukaribia milimita 800. Ni refu na jembamba. Katika tope la Mau, ambalo aghalabu ni tabaka laini juu ya udongo mgumu, tairi jembamba hukata tabaka lile na kushika chini, wakati lile pana huelea juu kama mtumbwi na kuteleza hadi mtaroni. Upana una faida yake katika mchanga na vumbi jingi. Hata huko, kupunguza upepo kutoka kipimo cha 35 hadi 20 huongeza unyayo wa tairi bila gharama, mradi dereva ajaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Kwa tope la kushindikana, minyororo ya magurudumu hufanya kazi ambayo hakuna upana utakaoifanya.

Kwa Hilux au KB ya kubebea mzigo, basi, ningechagua tairi lenye meno ya wastani, lisilozidi lile la asili kwa zaidi ya asilimia tatu hivi za kimo, na jembamba kadiri rimu ya asili inavyoruhusu. Kabla ya meno ningetazama nambari ya uzito. Tairi lenye 112 hubeba kilo 1,120, lile la 104 kilo 900 tu, na kuna matairi mapana ya kuvutia yaliyokusudiwa magari ya familia ambayo hayafiki hata hapo. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani nzima, na anayejua lumbesa anajua kwamba gunia la kilo 50 lina tabia ya kuzidi.

Tarehe nayo isisahauliwe. Tangu kiwanda cha matairi cha Sameer, kilichotengeneza Yana, kifungwe Nairobi mwaka 2016, tunategemea yatokayo ng'ambo, na baadhi yake ni mitumba. Tafuta tarakimu nne ndani ya kijiduara ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mazima na mpira umekwisha kufa.

Rimu zichaguliwe kwa tahadhari kubwa zaidi. Toyota na Isuzu nyingi za zamani zina nati sita, na fundi atasema zinaingiliana. Nati huingiliana, lakini tundu la katikati halilingani kila mara, na rimu iliyotokeza nje huhamisha uzito kutoka pale beringi ilipotarajia, kisha ikalirushia tope dirisha la dereva. Baya kuliko yote ni kununua mawili makubwa kwa nyuma na kuacha madogo mbele ili kupunguza gharama. Gari likitiwa foo-wili, magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka sawa ilhali hayawezi kwenda sawa, na kitu fulani ndani ya gia sharti kivunjike.

Matairi ni matano, si manne. Spea isipolingana na mengine, ugonjwa ni ule ule, tena huja siku ya mvua. Lililo kubwa mno haliingii katika nafasi yake chini ya kitanda cha pikapu, na jeki ya zamani haifiki kimo cha gari lililoinuliwa. Mambo hayo mawili mnunuzi ayajaribu pale pale dukani, mchana, kabla hajatoa fedha.