Majina Kwanza, Sanamu Baadaye

Kila linapozuka wazo la kujenga mnara wa kumbukumbu ya vita katika bustani ya mji, iwe hapa kwetu Njombe au kule Makambako njia panda, watu huanza na sanamu: askari wa saruji, bunduki mkononi, uzio wa chuma kumzunguka. Mimi nasema hapana. Sanamu ya namna hiyo tunayo tayari Dar es Salaam, na kosa lake tunalijua.

Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927. Singe yake imeelekezwa bandarini. Maandishi yake, yaliyotungwa na Mwingereza Rudyard Kipling, yanawataja askari na wapagazi, na yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri! Lakini zunguka mnara ule, ndugu msomaji, utafute jina moja tu la Mwafrika aliyekufa. Hulioni.

Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland likaiteka Njombe. Novemba ya mwaka huo vita vilikuwa Lupembe na Ilembule. Mjerumani alikuwa amewachukua vijana wetu kubeba mizigo. Mwingereza naye akawachukua. Bega ni lile lile, mzigo umebadilika bendera tu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi hukadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa karibu laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Bibi yangu alipoulizwa habari za baba yake alijibu maneno matatu: "Alikwenda na mizigo." Kaburi hakuna.

Jeshi lile la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndipo lilipotoka jina la Kariakoo. Leo tunanunua khanga na redio juu ya jina lao bila kuwakumbuka.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ikakiri pia kwamba ubaguzi ulikuwamo katika jambo hilo. Wakoloni waliamua kwamba mtu wetu hahitaji jiwe lenye jina. Je, sisi nasi tuliamue hilo hilo, kwa saruji yetu wenyewe?

Wapo watakaosema kwamba hao walitumikia wageni, hawakuwa mashujaa wetu. Nawajibu: nani aliwauliza kama wanataka kwenda? Mtu aliyefungwa mzigo kwa lazima akafia porini ni wetu zaidi, si pungufu. Wengine watasema majina yamepotea. Yamepotea kwa sababu hatujayauliza. Ukoo hurithisha majina kwa wajukuu, na katika kila kijiji yupo mzee anayejua ni nani hakurudi. Anayepotea ni huyo mzee, kila tunapoahirisha. Waswahili walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo ninalotaka si kubwa. Kabla ya fundi kuitwa, lipelekwe daftari kila kijiji. Yaandikwe majina ya wapagazi wa pande zote mbili, ya waliokufa Yakobi mwaka 1905 wakati wa Majimaji, na ya vijana wasiorudi kutoka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Jina likikosekana, liandikwe la kijiji na nafasi iachwe wazi. Uzio usiwepo. Yawekwe mabenchi, ili anayesubiri basi la Songea aketi, asome, akute jina la ukoo wake.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunasimama kimya kuwaheshimu. Kimya hicho ni cha haki kwa mtu ambaye jina lake limekwisha kutajwa. Kwa yule ambaye hatujawahi kumtaja, miaka zaidi ya mia moja ya kimya imetosha.