Mche Mrefu Usikudanganye
Kwenye vitalu vya nyanya Dumila, mche mrefu huonekana bora, ingawa shina lake jembamba hulala kwa upepo kidogo tu. Mara nyingi urefu huo ni hofu ya kivuli. Majani hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha ule mwekundu wa mbali, ambao macho yetu karibu hayauoni. Mche ukiupata kwa wingi kutoka kwa jirani, hurefuka hata kabla ya kufunikwa. Mimea huitofautisha mianga hiyo miwili: katika majaribio ya Beltsville, Marekani, mwaka 1952, mwanga mwekundu uliziotesha mbegu za saladi, wa mbali ukazizuia. Utaambiwa miche hugombania mbolea tu. Lakini mche wenye njaa hudumaa, haurefuki! Basi miche iliyobanana ing’olewe mapema. Taa za mwanga mwekundu (ghali hizo) tuwaachie wanaolima ndani ya nyumba.