Kibonge Wetu na Mlima wa Irente

Wiki hii nina la kuungama. Desemba iliyopita mpwa wangu wa miaka 10 aliletwa huku Lushoto kutoka Dar kupumzika. Kushuka tu kwenye basi, majirani wakadaka: "Huyu ndiye mtoto! Ana afya!" Nami mjomba mtu nikavimba kichwa, nikampeleka dukani kunywa soda.

Siwalaumu majirani. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwetu mashavu ni ushindi.

Kesho yake tukaenda Irente, kama kilomita 5 hivi kutoka mjini. Watoto wa huku wanaikimbia. Kibonge wetu hata nusu hakufika. Kaketi kwenye jiwe, anahema, wenzake wanamcheka. Akalia. "Mjomba, na shuleni wananicheka hivi hivi." Bwana wee, nilinywea.

Nikampeleka zahanati. Nesi akampima uzito na urefu, akatikisa kichwa, kisha akamuuliza siku yake inavyokwenda. Basi la shule mlangoni, chipsi jioni, simu mpaka saa 5 usiku. Kumbe hata usingizi mdogo unachangia unene! Halafu akauliza soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na mimi kwa siku mbili nilishampa 4. Piga hesabu mwenyewe.

Nikasema basi tumpunguzie chakula. Akanikatalia katakata: mtoto bado anarefuka, asishindishwe njaa. Uzito usipokimbia, urefu utaufikia. Soda iondoke kwa nyumba nzima, si kwake peke yake, na kila siku acheze walau dakika 60.

Dakika 60 huku ni kwenda kuchota maji tu. Ila hebu tazama malori yetu: yanashuka Mombo na karoti na mapeasi ya kuwauzia watu wa Dar, yanapanda na kreti za soda na biskuti. Plamsi zinaoza chini ya miti, sisi tunawakorogea watoto juisi ya unga!

Wiki ya tatu alifika Irente. Alipumzika mara 4, mimi mara 5.

Juzi dada kapiga simu kwa ukali: nani kamfundisha mwanawe kukataa soda mbele ya wageni? Nikamsukumia nesi.