Tumsikilize Maimuna kabla ya kumhukumu

Juma lililopita nilikuwa nikipekua karatasi zangu za zamani za ualimu nikakutana na jibu moja la mtihani wa majaribio. Swali lilimtaka mtahiniwa afafanue sifa sita za Maimuna, msichana aliye kitovu cha riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980 na ambayo iliwahi kutahiniwa katika KCSE. Mwanafunzi alikuwa amejibu kwa mstari mmoja mmoja: ni malaya, ni mlevi, ni mtoro, ni jasiri, ni mvumilivu, ni mwenye majuto. Kando ya kila mstari palikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu. Mkono ulioitia alama hiyo ulikuwa wangu.

Nakiri kwamba niliona haya. Kila neno katika orodha ile lina ushahidi wake kitabuni, na kwa hiyo hapana mtahini ambaye angemnyima mwanafunzi yule alama zake. Hata hivyo, msomaji asiyekijua kitabu akipewa orodha ile pekee, atafunga mjadala kwa kumlaani msichana na kwenda zake. Je, hilo ndilo mwandishi alilotutaka tujifunze?

Tukumbushane kisa chenyewe. Maimuna analelewa katika nyumba ya Bwana Maksuudi, tajiri anayeheshimika mbele za watu. Humo ndani, mkewe Bi Tamima na bintiye wamefungiwa kwa jina la heshima hiyo hiyo. Giza likiingia, baba huyu huenda kwa Kazija kuyatafuta yale anayoyaharamisha kwake. Naye Bi Farashuu, anayemsaidia binti kutoroka, ana donda lake: bintiye, Mwanasururu, aliolewa na Maksuudi, akadhulumiwa mali yake, akatupwa. Anayeyajua haya hawezi tena kulitamka neno ‘mtoro’ kwa wepesi, maana atalazimika kuuliza Maimuna alikuwa akitoroka nini. Na akifika kwenye neno ‘malaya’, atajiuliza ni nani katika nyumba ile aliyestahili kuitwa hivyo kwanza.

Mtazame pia Farashuu. Miongozo humwita mlipiza kisasi, ikaishia hapo. Lakini uchungu wake ni wa haki, na njia aliyoichagua ni ya dhuluma, kwa kuwa deni la Maksuudi linalipwa na mtoto wa Bi Tamima, mwanamke ambaye naye alikuwa mfungwa wa Maksuudi. Mwanafunzi wa miaka kumi na saba akilitafakari jambo hili kwa saa nzima, atakuwa amejifunza kuhusu kisasi, familia na nchi yake mambo ambayo hapana orodha inayoweza kumfunza.

Najua ninachokisema kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumnyima mwanafunzi saa hiyo. Siku moja, nikiwa katikati ya kuimla sifa za Maimuna darasani, msichana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, kwani angebaki pale nyumbani angekuwa nani?” Nilitazama saa yangu nikamjibu kwamba swali hilo halitahiniwi. Wenzake wakacheka, naye akaketi. Hakuuliza swali jingine hadi alipomaliza kidato cha nne. Nimesahau majina ya wengi niliowafundisha, lakini swali la msichana yule lingali linanidai jibu.

Hapana budi tuwe waadilifu kwa walimu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ina alama 80, na mwanafunzi hutakiwa kumudu riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi wengi, ambamo nakala moja ya riwaya hupokezanwa na madawati mawili au matatu, atafanyaje asipoimla maelezo? Mwongozo kwake ni mkongojo, na mtu hamlaumu kiwete kwa kushika mkongojo. Tatizo ni pale wenye miguu mizima wanapofunzwa kuchechemea. Siku hizi mwanafunzi hahitaji hata kununua mwongozo. Muhtasari humfikia kwenye simu, akaukariri bila kufungua ukurasa mmoja wa kitabu chenyewe.

Kuna kinaya kikubwa hapa. Katika Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, Mwalimu Majisifu anaiba mswada wa kijana Amani na kujipatia sifa kwa kazi asiyoiandika. Maelfu ya wanafunzi wetu walimshutumu Majisifu kwa wizi huo katika majibu yao ya mtihani. Wangapi kati yao walimshutumu kwa maneno yao wenyewe, na wangapi walinakili shutuma hizo kutoka kwa mtu mwingine? Tumewafunza vijana kuutaja wizi wa maneno kwa maneno ya kuazima.

Fasihi yetu ilikwisha kutuonyesha njia bora zamani. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kueneza elimu ya sheria. Badala ya kuhukumiwa papo hapo, anapewa nafasi ya kujitetea, naye anasimulia kisa baada ya kisa cha wajumbe sita waliotumikia nchi yao wakalipwa kifungo. Wakuu wa Kusadikika, pamoja na udhalimu wao wote, walikubali kumsikiliza mshtakiwa. Sisi tunampa Maimuna mistari sita na alama sita.

Nayaandika haya sasa kwa sababu wakati ni huu. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Chini ya mtaala huu mpya, Fasihi ya Kiswahili ni somo la hiari. Watakaolichagua watakuwa wachache kuliko zamani, na iwapo watakaribishwa kwa orodha zile zile, watapungua zaidi. Mtaala unaodai kumfunza mtoto kufikiri utakuwa umebadilisha jalada na kuyaacha yaliyomo.

Pendekezo langu halihitaji fedha. Walimu wenzangu, tuligeuze darasa kuwa baraza. Mmoja amshtaki Farashuu, mwingine amtetee, na kila hoja itolewe pamoja na tukio linaloithibitisha kitabuni. Asiyesoma atajulikana mara moja, kwa kuwa orodha haiwezi kujibu pingamizi. Nanyi watahini, badala ya kuuliza sifa sita za Maimuna, mwulizeni mtahiniwa iwapo alifanya haki kutoroka, mkamtuze kwa uzito wa ushahidi wake hata kama uamuzi wake si wenu. Wako watakaosema kwamba majibu ya namna hiyo ni magumu kusahihisha. Ni kweli. Lakini vijana hawa kesho watakuwa mahakimu, wazee wa mitaa, wazazi na wapiga kura, na kila siku wataletewa binadamu aliyekwisha kubandikwa jina na watu wengine. Kama hawakufunzwa darasani kuuliza kilichotangulia jina hilo, watafunzwa wapi?

Jibu lile la mtihani nimelihifadhi. Alama zake siwezi kuzifuta tena, ila pembeni nimeliandika swali la msichana wa nyuma ya darasa, na mwalimu yeyote atakayelitumia kesho asubuhi atakuwa amenisaidia kulipa deni.